Baba, Kesi Hatukushinda

Newala,
Jumapili asubuhi.

Kwako Baba,

Mwangaluka. Ningekuwa nyumbani salamu hii ningekupa nimepiga magoti, na hata hapa kwenye karatasi uihesabu hivyohivyo. Mgongo unaendeleaje? Mayu, mama asiyenificha kitu, aliniambia tangu mmalize kupalilia choroko hulali vizuri, nami nikamwambia akukande kwa maji ya moto na chumvi, akanijibu kwamba mgongo wako hutaki mtu auguse. Ng'ombe je, wamepata malisho? Mimi mwili ni mzima. Michembe aliyonitumia Mayu ilifika salama na bado ninayo nusu, naitafuna kazini wenzangu wakinishangaa, maana huku kwa Wamakonde viazi vitamu vilivyokaushwa namna hiyo hawavijui. Roho ndiyo haijatulia, na sababu unaijua.

Naandika kwa kuwa simu zangu hupokei. Leo ni siku ya sita. Napiga, inaita mpaka inakatika, halafu Mayu ananitumia ujumbe kwamba uko zizini. Baba, hakuna mtu anayekaa zizini siku sita. Najua nilikufokea, tena simu ikiwa kwenye spika na watu wa nyumbani wote wakisikia binti anampandishia baba yake sauti. Kwa hilo naomba radhi, na naiomba hapa mwanzoni ili usidhani nimeificha mwishoni kwa aibu. Lakini nikishaomba radhi niruhusu niendelee kukasirika kidogo, maana hasira bado ninayo na nikijifanya sina utaiona tu.

Kesi hatukushinda.

Mstari huo nimeuandika peke yake ili uusome mara mbili. Siku ile ulipotoka mahakamani Bariadi ukanipigia ukasema, "Ng'wanawane, mwanangu, mambo yamekwisha, wote wamenishika mkono," nilimshukuru Mungu, nikawanunulia wenzangu wa ghalani soda. Nilisherehekea kushindwa kwangu mwenyewe, na soda nikalipa mimi.

Naomba nianze tangu mwanzo, kwa sababu siku ile ya simu hatukusikilizana, kila mtu alikuwa anasema lake. Wale wa umoja wa wenye viwanja wa mtaa wetu kule Bariadi, wanaokusanya ada ya barabara na ulinzi, walinishitaki kwamba sijalipa. Katibu wao ana namba yangu ya simu. Anajua niko Newala, mwisho wa nchi, na kutoka huku hadi Bariadi ni siku mbili na ushee za kubadilisha mabasi. Hakunipigia hata mara moja. Alichukua hati ya wito akaipeleka kwetu Nkoma kwa mtendaji wa kijiji, na mtendaji akakuletea wewe. Hapo tu palitosha kunipandisha shinikizo la damu. Mtu anakushitaki mahali anapojua hupo, kisha anashangaa hukufika.

Nilimwomba bosi ruhusa. Unajua kazi yangu, mimi ni karani wa mizani katika ghala la korosho, na huu ndio msimu wenyewe, wakulima wanapanga foleni tangu alfajiri. Bosi akaniambia naweza kwenda, ila nisihangaike kurudi. Ndipo nikakupigia nikakuagiza maneno mawili tu: omba tarehe isogezwe, na useme Minza ana risiti zake zote. Niliyarudia mara mbili, nawe ukanijibu, nimekusikia. Risiti ninazo kweli, Baba, za kila mwaka tangu niliponunua kile kiwanja, nimezifunga kwa mpira ndani ya kopo la maziwa. Mtu anayeshinda kutwa nzima akitazama mshale wa mizani hawezi kupoteza risiti.

Yaliyotokea mahakamani sikuyasikia kwako, niliyasikia wiki tatu baadaye kwa Mama Kulwa, jirani yangu wa pale kiwanjani, ambaye alikwenda kusikiliza kwa kuwa naye analipa ada hizohizo, na muda wote huo alidhani umeshaniambia. Anasema ulipoitwa ulivua ile kofia yako ya pama ukaibana kwapani, ukachuchumaa mbele ya hakimu mpaka askari akakwambia usimame, ukasema, "Mheshimiwa, tumekosa. Tutalipa. Tunaomba mtupunguzie." Hakimu akakuuliza kama umeelewa unachokisema. Ukasema umeelewa. Akakwambia una haki ya kupinga. Ukasema hatuna ubishi. Akakuuliza tena, ukajibu vilevile. Mama Kulwa anasema hata katibu wa umoja alibaki ameduwaa, maana alikuja na mkoba mzima wa karatasi za ushahidi na zipu hakuifungua.

Nilipoyasikia hayo nilikaa chini pale ghalani, juu ya magunia, mkulima mmoja akadhani nimepata habari ya msiba.

Halafu nikaanza kucheka kwa uchungu, kwa sababu nilijua umeyatoa wapi maneno yale. Uliyatoa dagashida, kwenye baraza letu la kijiji. Nilikuwa darasa la nne ng'ombe walipoingia kwenye pamba ya jirani, na kijiji kizima kikaitwa kwenye mkutano. Ng'ombe wale hawakuwa hata wetu, walikuwa wa mgeni aliyelala kwetu. Wiki moja kabla yake mtu mwingine alibishana na mkutano uleule kwa kosa dogo, wakamtoza dume zima kwa kiburi chake. Wewe ulivua kofia, ukachuchumaa, ukasema tumekosa. Wazee wakanong'onezana, wakakutoza mbuzi mmoja, na mbuzi huyo akachinjwa palepale mkamla pamoja na huyo mwenye pamba. Njiani tukirudi nilikuuliza kwa nini umekubali kosa lisilo letu. Ukaniambia kwamba ungebishana ungeshinda siku moja na kuishi na uhasama miaka kumi. Niliona baba yangu ana akili kuliko watu wote wa Nkoma. Bado naona hivyo.

Lakini mahakama si dagashida, Baba. Pale hakuna wa kunong'onezana akakupunguzia kwa kuwa umejishusha. Ukishasema tutalipa, karani anaandika, hakimu anasaini, muhuri unagongwa. Hawakukosea wao, waliandika ulichosema. Na wale waliokushika mkono mlangoni ukadhani ni wa suluhu walikuwa wanakushukuru kwa kuwarahisishia kazi.

Hakimu alitoa wiki tatu za kulipa. Wiki zote tatu zikaliwa na furaha yetu ya kushinda. Jumatatu iliyopita Mama Kulwa akanitumia picha ya tangazo limebandikwa kwenye mlango wa vile vyumba vyangu viwili: deni lisipolipwa ndani ya siku kumi na nne, kiwanja kinapigwa mnada pamoja na kilichomo. Unajua kilichomo. Ni miaka minane yangu ya korosho. Ni tofali ulizozisimamia mwenyewe zikifyatuliwa, na bati nilizonunua badala ya kwenda kuolewa, kama Shangazi anavyopenda kunikumbusha. Hapo ndipo nilipokupigia, na kilichofuata sitaki kukirudia. Nakumbuka tu uliniuliza, "Minza, unanifokea mimi?" kisha simu ikakatika.

Kesho yake nikamwendea mzee mmoja hapa Newala anaitwa Chilumba. Alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, sasa anakaa kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi na kompyuta yake, anawaandikia watu barua na maombi. Nikamweleza. Akauliza nani alikiri. Nikamwambia ni baba yangu. Akauliza, ulimtuma akakiri? Nikasema hapana, nilimtuma akaombe tarehe. Akavua miwani, akaifuta, akasema basi tuna pa kushika. Sheria inamruhusu ndugu kukusimamia katika mahakama ya mwanzo, ila kukusimamia ni kitu kimoja na kukukubalia deni bila ruhusa yako ni kitu kingine. Tutaomba mahakama ya wilaya iitazame upya hukumu na mnada usimame kwanza, na maombi hayo yaende pamoja na kiapo changu na kiapo chako.

Kiapo chako akakiandika palepale. Nakueleza kilivyosomeka kwa sababu sitaki uje kukisikia kwa mtu mwingine. Kilisema kwamba wewe ni mzee wa kijijini, kwamba hukuelewa maswali ya hakimu, kwamba Kiswahili cha mahakamani kilikushinda, na kwamba hukuwa na ruhusa ya binti yako kusema lolote. Chilumba alisema kiapo cha namna hiyo ndicho kinachofanya kazi haraka. Nami, Baba, nilikubali. Nilikuwa na hasira, nikaona ndiyo sawa, acha asaini kwamba hakuelewa, kwani alielewa? Nikalipia, nikakitia kwenye bahasha, nikaandika jina lako juu.

Bahasha hiyo haikuondoka. Jioni ile nilikuta basi la Masasi limeshajaa, wakaniambia nirudi Alhamisi. Na Alhamisi, kabla sijarudi, Mama Kulwa akanitumia nakala ya mwenendo wa kesi, yaani kila neno lililosemwa pale mahakamani. Nilikuwa nimeandika barua ya kuiomba nikamtumia picha yake kwa simu, naye akaenda kuifuatilia kwa karani, Mungu amlipe. Alizipiga picha kurasa zote, akanitumia. Nikazisomea juu ya magunia wakati wa chakula, nikizikuza kwa vidole.

Ukurasa wa kwanza nikakuta kitu ambacho sikuwa nimekiona. Sidaiwi ada ya kiwanja changu. Hiyo hata wao wanakubali nimelipa. Nadaiwa ada ya kiwanja cha pili, kile kilichopakana na changu, cha mtu mmoja wa Nyalikungu, kule Maswa, ambaye hajawahi kujenga wala kuonekana. Wameandika hivi, naunakili: viwanja viwili vilivyomo ndani ya ua wa mdaiwa.

Ua wa mdaiwa, Baba. Ua wako wa minyaa.

Nikampigia Mama Kulwa nikamwomba auzunguke ua wote na kuniambia bikoni, yale mawe ya mpaka ya wapimaji, ziko wapi. Akazunguka, utomvu ukamrukia karibu na jicho, akanilaumu sana. Akaniambia bikoni nne za kwangu ziko ndani, na mbili nyingine nazo ziko ndani, mbali kabisa, majani yamezifunika. Ulipanda ua ukavizunguka viwanja viwili. Na wale wa umoja hawakuhesabu bikoni, walihesabu ua. Waliona mtu amejizungushia eneo, wakasema basi ni lake, alipe.

Hapa hasira zangu zikanigeukia mwenyewe kidogo. Mwaka juzi nilipokuja likizo nililala pale siku mbili. Nilisimama katikati ya ua ule nikasema moyoni, kumbe kiwanja changu ni kikubwa hivi. Mimi mtu wa mizani, ninayewakosoa watu kwa nusu kilo, sikupima. Nilifurahi tu nikafunga mlango nikaondoka.

Kisha nikafika kwenye maneno yako. Mama Kulwa alikaa benchi la nyuma na sauti yako ni ya chini, alisikia mwanzo na mwisho, katikati hakusikia. Karani alisikia. Katikati uliulizwa kwa nini unasema mmekosa, nawe ukajibu, na nimeyasoma mpaka nimeyakariri: "Ua niliupanda mimi. Mtoto hakuwepo. Niliupanda mpana kwa sababu mji usio na pa kulaza ng'ombe si mji, na mwanangu siku akirudi nitampa ng'ombe. Sikujua kule kuna mwenyewe. Kosa ni langu, mtoto asisumbuliwe."

Nilishindwa kula, Baba. Nimekaa siku tatu nikikukasirikia kwamba ulikwenda kunikiria deni, kumbe ulikwenda kulibeba. Na hukuniambia. Hata nilipokufokea hukuniambia. Hilo nalo linanikasirisha, acha niliseme. Ungesema tu, Minza, ua niliupanda vibaya, ningelia kidogo yakaisha. Badala yake ukaingia zizini.

Nikarudi kwa Chilumba nikamwambia kile kiapo sikipeleki. Akanitazama kama mtu anayerudisha dawa. Akasema mzee asiyeelewa hushinda haraka, na hizi siku nilizobaki nazo si za kuchezea. Nikamjibu kwamba baba yangu anaelewa. Tukabishana hapo barazani mpaka mwenye duka akatoka kuangalia. Mwisho akasema sawa, ila ujue unachagua njia ndefu, na kiwanja kikienda usinilaumu. Nimekubali. Kikienda, nitalia, na hiyo miaka minane sina wa kumdai. Lakini sitakiokoa kwa karatasi inayosema baba yangu hana akili, ikasomwa kwa sauti mbele ya watu wa Bariadi, mtendaji wa kijiji akaipeleka Nkoma kabla hujashuka kwenye gari.

Kiapo kilichomo ndani ya bahasha hii ni kipya. Kimeandikwa kwa maneno yako mwenyewe: kwamba ua uliupanda wewe, mtoto hayupo, ukavuka mpaka bila kujua, na kwamba ulichokikiri ni ua, si deni. Kinasema pia kwamba binti yako alikutuma ukaombe tarehe. Hilo ni kweli na utalisaini hata kama linakuuma. Hakuna neno kwamba hukuelewa. Kisome pole pole na miwani yako, usimpe mtu akusomee. Usilolikubali usilisaini.

Bahasha itaondoka na basi la kesho alfajiri, na Mama Kulwa ataipokea Bariadi Jumatano asubuhi aitume Nkoma kwa dereva wa gari la mchana. Alhamisi uende Bariadi mapema. Mama Kulwa atakungoja stendi, atakupeleka kwa wakili ukaape na kusaini, kisha mtaziwasilisha karatasi zote siku hiyohiyo, kwa sababu tangazo la mnada linakwisha Jumatatu inayofuata. Nauli nimemtumia Mayu. Risiti zangu nimezitoa nakala, zimo ndani, kiapo changu pia kimo. Ua usiukate kwanza, tafadhali, wala usimtume mtu aukate. Najua tayari una panga mkononi. Acha mahakama imtume mtu akaone bikoni zilivyo, ndipo tutaung'oa ule upande wa mtu wa Maswa na kumwachia eneo lake.

Siku watakapokuita mbele ya hakimu, simama, usichuchumae. Kofia vua, ni heshima. Wakikuuliza, wajibu yaleyale uliyoyasema mara ya kwanza kuhusu ua na ng'ombe, neno kwa neno, maana hayo ni ya kweli na hakuna wakili atakayeyasema vizuri kuliko wewe. Kisha nyamaza. Lile la tutalipa na mtupunguzie usiliongeze, Baba, nakuomba kuliko nilivyowahi kukuomba kitu. Kule hakuna mbuzi wa kula pamoja.

Msalimie Mayu na umwambie ujumbe wake wa zizini nimeuelewa. Msalimie kaka yangu mkubwa anayelima pamba, na mkewe, na yule mtoto wao aliyepewa jina langu, wasimfundishe kufoka. Shangazi msalimie na umwambie bati bado ziko juu ya nyumba. Mchungaji wetu pia, aniombee Alhamisi. Mtendaji wa kijiji msalimie, ila karatasi yangu nyingine akiipata anipigie mimi.

Ng'ombe wale uliowasema mahakamani nimewasikia, Baba. Kiwanja changu kimoja kinatosha kuwalaza wawili.

Jumatano jioni, ukishaisoma barua hii, nitapiga simu. Usiende zizini.

Mimi binti yako,
Minza.